Jua Kali Haikuanzia Kamukunji

Wasee, leo naongelea chuma ambayo wengi wenu hamjawahi kuinama muiangalie: deki. Si ile ya kupiga na mopu Jumamosi asubuhi. Hii ni ile sinia kubwa ya chuma inayoning'inia chini ya tumbo la trekta ndogo ya kukata nyasi, zile trekta za viwanja vya gofu na shule za wenye nazo. Ipindue na utaona visu viwili au vitatu, kila kisu kwa shafti yake. Juu kuna mapuli na belti ndefu inayoleta nguvu kutoka kwa injini. Ni hiyo tu, bakuli la chuma limefunika visu.

Sasa kuna watu Marekani wanachukua deki ya miaka ya 1960 iliyoliwa na kutu, wanaiziba mashimo, wanaipa beringi mpya, halafu wanaifunga kwa trekta ya kampuni tofauti kabisa. Na inakata! Chuma ya miaka 60 inafanya kazi leo, na mashine iliyonunuliwa juzi dukani imelala jaani kwa sababu kipande kimoja cha plastiki hakipatikani.

Ukiuliza ni kwa nini, usiniambie tu ati vitu vya zamani vilikuwa vigumu. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ingine ni historia, na hiyo historia inatuhusu sisi hapa, kwa sababu ni stori ya nani ana ruhusa ya kufungua mashine.

Ilitoka kwa kiwanda cha nguo

Kabla ya 1830, nyasi fupi Uingereza ilikuwa kitu ya matajiri. Ulihitaji jeshi la vibarua wenye fyekeo ndefu, ama ufuge kondoo waile mpaka iwe sawa. Mtu wa kawaida hakuwa na hiyo habari.

Halafu akaja jamaa anaitwa Edwin Budding, fundi wa mashine huko Thrupp, karibu na mji wa Stroud. Hilo bonde lilikuwa la viwanda vya sufu. Ndani ya hivyo viwanda kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kwa silinda, kazi yake kunyoa malaika ya juu ya kitambaa ili kibaki laini. Budding akaona: kama inaweza kunyoa kitambaa, si inaweza kunyoa uwanja? Mwaka wa 1830 akapata hataza yake, pamoja na John Ferrabee aliyekuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kufikia 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilikuwa imepewa leseni ya kuzitengeneza.

Angalia vile hiyo kitu ilizaliwa. Budding hakuanza na karatasi tupu. Alichukua mashine ya kazi moja akaipeleka kazi ingine. Huku kwetu mtu akifanya hivyo tunasema "ni jua kali tu", na hiyo "tu" tunaitamka kama matusi. Huko kwao wanaita uvumbuzi na wanaweka kwa makumbusho.

Na cheki hii: huyo huyo Budding ndiye anatajwa kama mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza spana ya kurekebisha, ile mafundi wetu wanaita spana malaya kwa sababu inakubali nati ya saizi yoyote. Mtu mmoja alitupa mashine ya nyasi na chombo cha kuifungua.

Mkasi dhidi ya slasha

Mashine ya Budding ilikata kama mkasi. Visu vinazunguka, vinabana nyasi dhidi ya chuma iliyotulia, nyasi inakatika. Inatoa uwanja safi kama zulia, lakini ukiipatia nyasi ndefu ama nyasi iliyolala, inakwama.

Deki ya trekta haifanyi hivyo. Inafanya kazi kama slasha. Kama uliwahi kupewa adhabu ya kufyeka shuleni, hii fizikia unaijua kwa mkono. Slasha haibani nyasi na kitu chochote. Nyasi imesimama peke yake, na kinachoikata ni kasi. Ukipiga polepole inainama tu, ukipiga kwa nguvu inakatika kabla haijapata nafasi ya kuinama. Deki ni slasha mbili ama tatu zinazozungushwa na injini mara elfu kadhaa kwa dakika. Lile bakuli juu yake lina kazi mbili: kuzuia mawe yasikutoe jicho, na kushikilia upepo. Visu vimekunjwa kama mabawa kwa ncha, kwa hivyo vinavuta hewa juu, nyasi inasimama wima, inakatwa, inatupwa kando.

Huku kwetu nyasi fupi ilikuja na mkoloni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906. Muthaiga Country Club ikafunguliwa mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1913. Mwafrika hakuwa mwanachama huko. Uwanja ulikuwa unasema kitu kimoja bila kufungua mdomo: mimi nina ardhi ambayo sihitaji kuilima.

Kopo la matunda huko Sydney

Kutoka mkasi hadi slasha ya injini ilichukua zaidi ya miaka 100, kwa sababu ulihitaji injini ndogo, nyepesi, yenye mbio. Watu kadhaa walijaribu, Waingereza walikuwa na ya kwao kwenye miaka ya 1930. Lakini stori tamu ni ya Australia.

Mwaka wa 1952, jamaa anaitwa Mervyn Victor Richardson alikaa kwa gereji yake Sydney akaunganisha mashine ya kukata nyasi kutoka kwa vyuma kuukuu. Injini ndogo ya Villiers ameilaza kando ili shafti iangalie chini. Magurudumu ya kigari cha watoto. Na tangi la mafuta? Kopo tupu la matunda ya pichi. Siongezi chumvi. Hiyo mashine ndiyo ilizaa kampuni ya Victa, mojawapo ya majina makubwa ya Australia. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000, mashine za kukata nyasi zilipewa nafasi yake uwanjani mbele ya dunia nzima.

Sasa shika hii. Nyasi mojawapo iliyojaa kwenye nyua za Waaustralia inaitwa "kikuyu". Ndiyo, ile ile ya kwetu. Ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ilipewa jina la Wakikuyu, na ikapelekwa Australia mwanzoni mwa karne ya 20. Inatambaa, inajikunja, inaota nene kama godoro. Mashine ya mkasi inaionea haya. Marekani wameiweka hadi kwa orodha ya magugu hatari. Yaani nyasi kutoka huku ilikuwa pale inangojea mtu aje na slasha ya injini, na aliyekuja alikuja na kopo la pichi.

Trekta zilizaliwa kwa gereji

Rudi Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wanarudi nyumbani, serikali inawasaidia kupata mikopo ya nyumba, mitaa mipya inajengwa kwa maelfu. Levittown, karibu na New York, ilianza 1947. Ukinunua nyumba huko masharti yalikuwa ukate nyasi kila wiki, na masharti mengine yalikuwa Mweusi asikae. Kama hiyo inakukumbusha Muthaiga, hujakosea.

Kila nyumba uwanja, kila uwanja nyasi. Mwaka wa 1946, mji wa South Bend, jimbo la Indiana, mzee Elmer Pond akaanza kutengeneza vitrekta vidogo kwa gereji. Mwanawe Cecil akaendeleza, na kampuni ikajulikana kama Wheel Horse. Mwaka wa 1961 International Harvester, kampuni kubwa ya trekta za shamba, ikatoa Cub Cadet. Waliijengaje haraka hivyo? Walichukua gia za trekta yao ndogo ya shamba, Farmall Cub, wakaziweka kwa mwili mdogo. John Deere wakafuata na modeli ya 110 mwaka wa 1963.

Umeona mtindo? Mashine ya kitambaa ikawa ya nyasi. Gia za shamba zikawa za uwanja wa nyumba. Hata wakubwa walikuwa wanakata na kuunganisha. Na kwa sababu trekta zenyewe ziliundwa hivyo, ziliweza kufunguliwa hivyo. Deki ilikuwa inatoka: unaifungua, unafunga jembe, ama koleo la kusukuma theluji, msimu ukiisha unarudisha deki.

Kwa nini chuma ya miaka 60 inafufuka

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Chukua deki kuukuu. Kutu inakula kutoka chini, kwa sababu nyasi mbichi hujishika huko na kukaa na maji. Fundi anakwangua, anakata sehemu iliyooza mpaka afike kwa chuma nzima, anachomelea bamba jipya. Hiyo ni kazi ya mkono, hata hapa mtaani inafanyika kila siku kwa milango ya matatu.

Kinachofuata ndicho kinashangaza. Zile shafti za visu zinazunguka ndani ya beringi. Beringi ya kisasa ina deni kwa Sven Wingquist, injinia wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Uswidi. Udongo chini ya kiwanda ulikuwa unasonga, shafti zinapinda, beringi zinakufa. Mwaka wa 1907 akatoa beringi inayojirekebisha yenyewe, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Kwa mara ya pili tumerudi kwa kiwanda cha nguo.

Baadaye dunia ikakubaliana kuhusu saizi. Beringi ikiandikwa 6204, popote ilipotengenezwa, tundu lake ni milimita 20, upana wa nje ni 47, unene ni 14. Na kuna kanuni rahisi, kuanzia 04 kwenda juu: chukua namba mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata tundu. 04 mara 5 ni 20. Hizo 6205 ni milimita 25. Kwa hivyo deki nyingi za 1965 zinaweza kupata beringi mpya leo kwa duka lolote la beringi, hata Kirinyaga Road, na muuzaji hahitaji kujua ni ya nini. Anasoma namba tu.

Belti pia. John Gates wa Denver alileta belti yenye umbo la V mwaka wa 1917, na saizi zake zikawa za kila mtu. Upana wa juu milimita 13 inaitwa A, milimita 17 inaitwa B, herufi zile zile ambazo fundi wa posho mill anazijua. Kitu cha kuangalia ni kwamba belti ya deki inahitaji nyuzi ngumu zaidi ndani, kwa sababu inashikwa na kuachiliwa kila saa.

Halafu kuihamisha kwa trekta ingine ni maswali manne. Itaning'inia wapi? Mapuli yatakuwa mstari mmoja? Visu vitazunguka upande gani? Trekta zingine shafti ya injini imelala, zingine imesimama, belti inapinda kona, na ukikosea visu vinazunguka kinyumenyume. Mgongo wa kisu ndio unatangulia, nyasi inapigwa tu kofi.

La nne ni kasi, na hapa hesabu ya kidato cha pili inarudi. Tuseme injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Puli ya injini ni inchi 5, puli ya kisu ni inchi 4. Kisu kitazunguka mara 4,500. Kama kisu ni cha inchi 16, ncha yake inasafiri karibu mita 96 kwa sekunde. Kiwango cha usalama cha Marekani kinataka isizidi mita 96.5 kwa sekunde, hiyo ni karibu kilomita 347 kwa saa. Uko ndani, lakini kwa nywele. Sasa trekta yako mpya ina puli ya inchi 6. Hujabadilisha kitu kingine chochote, lakini ncha ya kisu imefika mita 115 kwa sekunde, karibu kilomita 414 kwa saa. Hapo kisu kikigonga jiwe, kinachorushwa kutoka chini ya deki ni risasi. Fundi wa kweli anabadilisha puli kabla ya kuwasha.

Ndiyo maana sikubaliani na mtu anayesema kuunganisha vyuma ni kazi ya wasiosoma. Hiyo hesabu mtu anaifanya kwa kichwa, kwa chaki, juu ya bamba la chuma, na akikosea ni mguu wa mtu.

Halafu wakaanza kufunga milango

Nisiwadanganye, zamani haikuwa mbinguni. Trekta nyingi za kale hazikuwa na swichi ya kuzima visu ukitoka kwa kiti. Watu walipoteza vidole. Mwaka wa 1982 Marekani ikaanza kulazimisha mashine za kusukuma kwa mkono zisimamishe kisu ndani ya sekunde 3 ukiachilia mpini. Hiyo ni sheria nzuri, na fundi anayefufua deki ya kale anafaa aongeze hizo kinga, si kuzitoa.

Lakini kuna kufuli la kukulinda na kuna kufuli la kukukamua. Kwenye trekta kubwa za kisasa za shamba, sehemu ya matengenezo inahitaji programu ya kampuni. Fundi anaweza kuwa na spana zote za dunia na bado mashine ikakataa, kwa sababu kompyuta haijapewa ruhusa. Wakulima wa Marekani walipigana na hiyo kitu miaka mingi. Colorado ilipitisha sheria 2023 ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine yake, ikaanza kazi Januari 2024. Januari 2025, tume ya biashara ya serikali ya Marekani pamoja na majimbo mawili ikaipeleka John Deere kortini kuhusu jambo hilo hilo. Kampuni iliyotoa ile 110 ya 1963, ambayo mzee yeyote angeifungua kwa gereji yake.

Usifikirie hiyo ni shida ya wazungu wenye mashamba. Angalia pikipiki za umeme zinazoingia Nairobi. Napenda vile hazina moshi, na napenda vile mtu wa boda anaokoa pesa ya mafuta. Lakini nyingi betri si yako. Unabadilishana kwa stesheni ya kampuni, na kampuni ndiyo inaamua itawaka ama haitawaka. Yule fundi wa kona aliyekuwa anashusha injini chini ya mti, anaijua kila beringi kwa namba, atafungua nini?

Tunarudi Kamukunji

Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Hiyo ripoti ndiyo ilifanya dunia ianze kuongea kuhusu "sekta isiyo rasmi". Ilisema kitu ambacho wakubwa wa Nairobi hawakupenda kusikia: hawa watu wa kugonga vyuma si wavivu wala si uchafu wa mji, wanazalisha, na serikali badala ya kuwasaidia inawafukuza. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado kuna mzazi anamwambia mtoto, "usiposoma utaishia jua kali."

Na bado tunapikia vitu vyao. Lile jiko lenye udongo ndani lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuchukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kuliunganisha na jiko la bati la mafundi wetu. Limeokoa makaa kwa nyumba nyingi sana. Ni kitu kile kile alichofanya Budding na mashine ya kitambaa, na Richardson na kopo la pichi.

Tofauti kati ya Richardson na fundi wa Kamukunji si akili. Richardson alikuwa na gereji yake, hakuna kanjo alikuja kubomoa. Alikuwa na watu wenye pesa ya kununua. Aliandikwa kama mvumbuzi, na jina lake likabaki. Fundi wetu ana jua, ana mteja anayemwomba apunguze bei, na ana sisi tunaomcheka.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Haki ya kutengeneza inafaa iwe sheria Kenya kabla hizi mashine zenye kufuli hazijajaa, si baada. Kampuni ikiuza kitu hapa, iuze pia vipuri, na itoe maelezo ya kukifungua. Na wewe ukienda kununua chochote chenye injini ama mota, usiangalie rangi tu. Kipindue. Tafuta kama kimefungwa kwa bolti ama kimegandishwa na gundi. Uliza beringi ni namba gani. Muuzaji akikuambia "hiyo huwezi jua", jua unanunua kitu ambacho hata yeye hana ruhusa ya kukifungua, na siku kitakwama mtakwama nacho wote wawili.